Mawaridi ya nyanyangu na vita vyangu na wadudu, bila sumu

Nianze na sisimizi maana wao ndo walinifungua macho. Ilikuwa mwezi wa pili, kaskazi imekaza, Kisauni jua linawaka mpaka mabati yanalia, nimetoka asubuhi kumwagilia maji nikaona mstari wa sisimizi kwenye shina la waridi, wengine wanapanda wengine wanashuka, wamesongamana kama watu wa feri ya Likoni saa mbili asubuhi. Mi kwa akili yangu nikasema kumbe hawa ndo wanaonimalizia waridi. Nikaingia jikoni nikachemsha birika nikaja nikawamwagia pale chini ya shina. Walikufa, ndio. Kesho yake wakaja ndugu zao. Na lile waridi, mizizi ikaiva kama muhogo, baada ya wiki mbili shina limekuwa jeusi toka chini likafa. Hilo la kwanza, nimeliua mwenyewe kwa mkono wangu.

Nieleze kwanza mbona nalima mawaridi Mombasa, maana watu wananicheka, wananiambia waridi ni la baridi, ni la Limuru na Naivasha huko. Nyanyangu anakaa Mji wa Kale na mpaka leo anafunga vikuba, vile vishada vya maua ya kunukia. Asumini, mrehani, kilua kikipatikana, na waridi. Zamani lile waridi alikuwa ananunua tu, yale yanayoshuka na magari kutoka bara, lakini ikafika mahali akawa analalamika mikono inamuwasha na ua lina harufu ya dawa kuliko harufu ya ua. Na kikuba si kitu cha kuweka kwenye jagi mezani, kinakaa kifuani, kinakaa kwenye nywele, bibi harusi analala nacho, mtu anakinusa usiku kucha. Akaniambia wewe una uwanja, nipandie. Na akaweka sharti moja tu, hataki sumu. Basi nikanunua miche kumi na mmoja kwa wale wauza miche wa barabarani, nane ya waridi la kunukia la pinki na mitatu mekundu ambayo kusema kweli hayanuki kitu, niliyachukua kwa sababu ya sura.

Sasa baada ya lile tukio la birika nyanya akaja na tuktuk kunitembelea, hata buibui hajavua kapitiliza uwanjani. Nikaanza kumuonyesha majani ya juu vile yamejikunja. Akaniangalia. "Mwanangu, una mato? Tizama tini ya jani, si yuu." Akashika tumba moja kwa vidole viwili akaligeuza, na pale shingoni mwa tumba, wallahi, walikuwa wamejazana kama ufuta kwenye mkate. Vidukari. Kijani kibichi, laini, wengine wana mabawa, na katikati yao vimaganda vyeupe kama unga umemwagika, kumbe ni ngozi wanazovua wakikua. Jani la chini yake linanata ukiligusa. Na sisimizi wako pale pale wanalamba. Nyanya akasema hawa sisimizi ni wateja tu, wamekuja kununua asali, mwenye duka ni huyu.

Na kweli ndivyo ilivyo. Kidukari anafyonza maji ya mti, maji hayo yana sukari nyingi kuliko anayohitaji, ile ya ziada anaitoa nyuma kama asali. Sisimizi wanaitaka kwa hivyo wanamlinda, kidudu kingine kikija kumla wanakifukuza. Halafu ile asali ikimwagikia majani inaota ukungu mweusi kama masizi ya sufuria, mtu anadhani jani limeungua. Na kitu kilichonitisha zaidi ni vile wanavyozaana, kwenye joto hawangoji dume wala hawatagi, jike linazaa watoto wazima wanaotembea, na baada ya kama wiki moja mtoto naye ashakuwa mama. Kwa hivyo ukiona kumi Jumatatu ukasema ngoja Jumapili, Jumapili hutahesabu.

Dawa ya kwanza ya nyanya ilikuwa maji. Maji matupu. Weka kidole gumba kwenye mdomo wa mpira, maji yatoke kwa nguvu, shika tawi kwa mkono wa pili lisivunjike, piga chini ya majani na kwenye matumba. Kidukari ana miguu dhaifu, akishaanguka chini wengi hawarudi. Siku tatu mfululizo asubuhi, halafu mara mbili kwa wiki. Mi nilitaka dawa ya maana, ya kuchanganya na kusubiri, nikaona hii ni mchezo, lakini mpaka leo nikiulizwa nimefanya nini kilichosaidia zaidi ya vyote nasema maji na vidole. Shida ya kwetu ni kuwa maji yenyewe hayako kila siku, siku za mgao mpira unatoa hewa tu, siku hizo nachukua chupa ya kupulizia na kitambaa naenda tawi kwa tawi, nusu saa imeisha, chai imepoa.

Kuhusu sisimizi, niliwazuia kwa selotepu, naizungusha kwenye shina upande wa gundi ndani, halafu juu yake napaka mafuta mazito ya kujipaka. Usipake kwenye shina lenyewe. Siku ya kwanza wakakwama, nikafurahi, siku ya pili nikakuta wamerudi juu vile vile na mafuta yako pale hayajaguswa. Nikakaa chini na kikombe cha kahawa nikawafuata kwa macho moja moja. Walikuwa wanapita kwenye kamba ya kuanikia nguo! Wanapanda nguzo, wanatembea kwenye kamba, wanashukia kwenye tawi moja lililokuwa linagusa kanga ya mamangu. Nikakata lile tawi. Sisimizi walipokatiwa njia ndani ya siku chache nikaanza kuona vile vidudu vyekundu vya mviringo vyenye madoa meusi mgongoni, wanakula vidukari kama watu wanaokula njugu. Watoto wao hawafanani na wao kabisa, ni weusi warefu wenye madoa ya rangi ya chungwa, wanatisha, mi nilikuwa nawaua. Nimeua wengi sana kabla sijajua.

Haya, sabuni. Hapa nataka mtu asome polepole maana nilichoma majani ya miche minne kwa ujinga. Kila mtu anasema sabuni inaua wadudu, ni kweli, inawaziba na kuharibu ile nta ya ngozi yao, lakini lazima imguse mdudu mwenyewe ikiwa bado maji, ikishakauka haina kazi. Mi nikachukua sabuni ya unga ya kufulia, vijiko vitatu kwa macho tu, nikapulizia saa saba mchana. Kufika magharibi majani yana kingo za kahawia kama karatasi iliyopitishwa juu ya mshumaa. Sabuni ya unga ina vitu vingi humo ndani vya kung'arisha nguo, jani si shati. Sasa natumia sabuni ya mche ya kawaida, nakuna kwa mbuzi mdogo wa karoti kama kijiko kimoja cha chakula, nayeyusha kwenye lita moja na nusu ya maji vuguvugu, napulizia jua likishaanguka, na asubuhi nasuuza kwa maji safi. Na kabla ya kupulizia mti mzima najaribu kwenye majani mawili nangoja siku moja. Jambo lingine, maji ya kisima yenye chumvi hayapatani na sabuni, inaganda ganda tu haitoi povu, kwa hiyo tumia maji yasiyo na chumvi, ya kununua au ya mvua.

Mwarobaini sasa. Kila nyumba ya Mombasa ina mwarobaini au jirani ana mwarobaini, sisi wenyewe tulinyweshwa maji yake machungu tukiwa wadogo kwa homa ya kila aina, kwa hivyo huhitaji kununua chupa ya mafuta ya bei. Majani yanafaa lakini nguvu iko kwenye kokwa. Matunda yakiiva yanakuwa manjano, popo wanakula ile nyama usiku na kutuachia kokwa safi zimetapakaa chini ya mti, mi natuma watoto wa jirani waokote kwa shilingi kumi na biskuti. Naanika kivulini, si juani, zikikauka napasua ganda natwanga zile punje kwenye kinu mpaka zinatoa mafuta. Kipimo changu ni gramu hamsini kwa lita moja ya maji, yani kiganja kilichojaa vizuri, nazifunga kwenye kitambaa cha kanga kuukuu naloweka usiku kucha. Usichemshe. Asubuhi nakamua, nachuja tena kwa kitambaa kingine maana bomba la kupulizia likiziba utalia, naongeza sabuni kidogo sana ili ishike kwenye jani, nafunika naweka gizani mpaka jioni. Jioni, si mchana, kwa sababu jua la hapa linaiua ile dawa haraka. Na isilale zaidi ya siku moja, inaoza na kunuka vibaya.

Watu wengi wanajaribu mwarobaini mara moja wanasema haufanyi kazi. Sababu ni kuwa hauui papo hapo. Mdudu akila anapoteza hamu ya kula, na wale wadogo wanashindwa kuvua ngozi wakue, kwa hivyo kesho yake unakuta wako hai wamekaa tu, unadhani umepoteza kokwa zako. Mi nilirudia kila baada ya siku saba mara tatu ndo nikaona tofauti. Na sipulizi kwenye maua yaliyofunguka, kwanza nyuki wanakuja, pili nyanya atanusa mwarobaini kwenye kikuba chake na nitasikia maneno ya mwaka mzima.

Pilipili na kitunguu saumu nimejaribu pia. Siku hiyo kusi ilikuwa inavuma, nikasimama upande mbaya, ile dawa ikanirudia usoni, nikakaa bafuni nalia na kichwa kimeingia kwenye ndoo, Mama Swaleh wa jirani anauliza kwa dirisha nani amekufa. Inafanya kazi kiasi, lakini mi sirudii.

Sasa kisa kinachoniuma. Mwaka wa pili, mwezi wa kumi na mbili, kuna harusi mbili zinakuja na vidukari wamerudi, nikaingiwa na haraka. Nikaenda duka moja la pembejeo, yule kijana akanipa kichupa akasema hii ni ya kawaida, haina madhara, piga mara moja tu. Sikumwambia nyanya. Nikapiga. Alfajiri ya pili yake vidukari wamekwisha, safi, na chini ya miche kuna vunjajungu wawili wamelala chali, na vile vidudu vyekundu, na buibui wadogo. Vunjajungu mmoja namjua, alikuwa anakaa kwenye mche wa tatu tangu vuli, kila asubuhi namkuta amekunja mikono. Wazee wanasema ukimgusa vunjajungu utavunja chungu, mi sikuvunja chungu lakini wiki tatu baadaye nilivunjika moyo.

Majani yalianza kupauka. Vidoa vidogo vidogo vyeupe kama mtu amechoma na sindano, halafu rangi ya shaba, halafu yanadondoka. Naangalia juu, naangalia chini, sioni kitu. Nikampigia binamu yangu aliyewahi kufanya kazi shamba la maua Naivasha, akaniambia chukua karatasi nyeupe, gonga jani juu yake, ngoja. Nikagonga. Vumbi tu. Halafu lile vumbi likaanza kutembea. Utitiri, hawafiki hata nusu milimita, wengine wekundu, na kwenye kona za tawi kuna utando mwembamba kama wa buibui unaouona ukipulizia maji. Binamu akacheka akasema umewaua polisi wote halafu unashangaa wezi. Dawa nyingi za kuua vidukari hazimuui utitiri, lakini zinawaua wanaomla, na joto la kaskazi ndo anachokipenda, juma moja tu yai limeshakuwa mkubwa. Akaniambia huko Naivasha siku hizi mashamba mengi yananunua utitiri mwingine, ule wa kuwinda, unakuja kwenye chupa unamwagwa kwenye mawaridi kama mtu anatia chumvi kwenye mchuzi, na unawala wale wabaya. Mi sina chupa hizo. Nilikata matawi yaliyoharibika nikayatoa uwanjani kabisa, nikawa nasafisha chini ya majani kwa maji kila baada ya siku mbili, kwa sababu vumbi na ukavu ndo vinawapa nguvu, na nikaweka sabuni ya mche mara moja kwa wiki. Ilichukua mwezi na nusu. Harusi zote mbili nyanya alifunga vikuba kwa asumini tupu, na nilimwambia ukweli, akanyamaza, na ile kunyamaza ni mbaya kuliko kugombwa.

Kuna mambo mengine nilikuwa naita wadudu na hayakuwa wadudu. Majani ya juu yalikuwa manjano na mishipa imebaki kijani, kila mtu akanishauri tia jivu, jivu ni dawa ya kila kitu. Nikatia jivu la mkaa ndoo nzima. Yakazidi. Udongo wetu umekaa juu ya matumbawe, una chokaa nyingi tayari, mti unashindwa kuchukua madini ya chuma, na jivu linaongeza lile lile tatizo. Jivu linafaa huko bara kwenye udongo mchachu, hapa pwani liache. Na maji ya kisima yenye chumvi yanachoma kingo za majani, mi nilikuwa napulizia mwarobaini kwenye jani lililoharibiwa na kisima! Nikahamisha miche kwenye madebe makubwa, udongo mwekundu, samadi ya mbuzi iliyokaa mpaka haina harufu, na majani ya mvinje juu kuzuia jua. Yakija majongoo humo msiwaue. Kule Bamburi kwenye yale machimbo ya simiti yaliyogeuzwa msitu kuanzia 1971, ambako sasa ni Haller Park, walipanda mvinje kwenye mawe matupu na majongoo ndo waliokula yale majani makavu wakayafanya udongo. Kama walitengeneza msitu debe langu haliwashindi.

Halafu kuna jani limekatwa duara, safi, kama limepigwa na mkasi wa fundi cherehani. Nilikesha na tochi nikitafuta kiwavi. Kumbe ni nyuki, kuna nyuki mdogo anayekata kipande cha jani anaondoka nacho akajengee vyumba vya watoto wake, anakuja mchana na mi namtafuta usiku. Hali jani, hadhuru mti. Mwache akate.

Konokono wakubwa wa masika naokota kwa mkono usiku na ndoo, hakuna ujanja. Mbuzi wa mtaani, kwa wanaojua Kisauni, ni senyenge tu.

Kitu ambacho sijakishinda kabisa ni madoa meusi, yale ya mviringo yenye kingo kama za nyuzi, jani linageuka manjano linaanguka. Huu ni ukungu si mdudu na masika ya hapa, mwezi wa nne mpaka wa sita, ni sikukuu yake, maana unahitaji jani likae na maji saa kadhaa. Namwagilia chini tu na asubuhi mapema, na hata ile kuosha wadudu siku hizi sifanyi jioni. Nimeachanisha madebe hatua moja moja upepo upite. Majani yaliyoanguka naokota yote nachoma, siyaachi chini hata usiku mmoja. Bekingi soda kijiko kimoja cha chai kwa lita moja na tone la sabuni inasaidia kuzuia kabla, jani likishapata haliponi. Na yale matatu mekundu ya sura ndo yanayougua kila mwaka, haya ya pinki ya kunukia yanapata kidogo yanaendelea. Mwaka huu nimeyatoa mawili, moja limebaki kwa sababu mamangu amelizoea.

Mrehani nimepanda katikati ya madebe. Watu wanasema harufu yake inafukuza wadudu, mi sijaona vidukari wakijali harufu ya mtu yeyote, lakini nikiuacha utoe maua wanakuja vijinzi vyenye mistari ya manjano, vinasimama hewani hapo hapo, na watoto wao wanakula vidukari vibaya sana. Nikawa sitaki nyanya auchume wote, tukagombana kidogo, tukagawana, upande wa ukutani wake, upande wa barazani wa vijinzi.

Alhamisi iliyopita nilimpelekea trei ya mawaridi, arobaini na kitu, nimechuma alfajiri bado yana umande. Akaketi kwenye mkeka, miwani kwenye pua, akawa anageuza moja moja anatizama chini ya vikonyo kabla ya kuchomoa petali. Kwenye la tano au la sita akasimama. Nikajua amepata kidukari, moyo ukashuka. Akaninyooshea lile ua bila kusema kitu, na ndani yake, kwenye petali za katikati, alikuwa kivunjajungu mdogo wa urefu wa ukucha, wa kijani, amekunja mikono yake.

"Huyu mrudishe kwako," akasema. "Na ukate petali pole pole, usimguse, nna vyungu vipya."

Nikarudi naye Kisauni kwenye kopo la majani ya chai, kwenye matatu, nimelishika kwa mikono miwili.